Mwongozo kamili wa kupima kama kinywaji cha kurudisha maji mwilini kinayashinda maji matupu

Vinywaji vinavyouzwa kwa ajili ya kurudisha maji mwilini hubeba dai moja, liwe limeandikwa kwa herufi kubwa mbele ya chupa au limetajwa kwa upole katika maelezo ya nyuma: kwamba mwili hufaidika navyo kuliko unavyofaidika na maji yenyewe. Dai hilo linaweza kupimwa nyumbani kwa mizani, chombo cha kukusanyia mkojo, saa na daftari, na matokeo yakaaminika, mradi mpimaji awe radhi kutumia siku kadhaa badala ya moja na kuandika kila tarakimu anayoiona, hata ile isiyomfurahisha. Nimeurudia utaratibu huu mara nyingi, na katika maelezo yanayofuata nimekaa zaidi pale ambapo majaribio ya namna hii huharibika, kwa sababu sehemu nyingine ni rahisi na hazihitaji maneno mengi.

Chagua swali moja kabla ya kugusa mizani

Mtu anaposema kwamba kinywaji "kinafanya kazi" anaweza kuwa na maana tatu tofauti. Ya kwanza ni kasi: maji yanatoka tumboni na utumboni kuingia kwenye damu upesi kiasi gani. Hilo hupimwa maabara, kwa mfano kwa maji yaliyotiwa alama ya deuteri, yaani aina nzito ya hidrojeni, na damu inayochukuliwa kila baada ya muda mfupi, na halipimiki jikoni. Ya pili ni kubakiza: katika lita moja uliyokunywa, kiasi gani bado kimo mwilini saa kadhaa baadaye. Ya tatu ni kujisikia, yaani nguvu, wepesi, kuisha kwa kiu na kuondoka kwa uchovu. Hii ya tatu ndiyo ambayo watu huiamua kwa haraka zaidi, nayo ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu aliyekwishaamini kwamba anakunywa kitu chenye nguvu atajisikia mwenye nguvu hata kama ndani ya chupa mna maji tu.

Mwongozo huu unashughulikia maana ya pili. Kubakiza maji kunapimika kwa gramu, hakutegemei hisia, na ndiko hasa ambako kinywaji chenye chumvi kina sababu ya kisayansi ya kuyazidi maji matupu.

Sababu yenyewe ni hii. Unapokunywa maji mengi kwa muda mfupi, ukolezi wa chumvi katika damu hupungua kidogo, ubongo hupunguza utoaji wa homoni ya vasopresini inayoziagiza figo zizuie maji, na figo huanza kuyatoa. Mwili hufanya hivyo hata kama bado una upungufu, kwa kuwa unalinda ukolezi wa damu kabla ya kulinda ujazo wake. Kinywaji chenye sodiamu hupunguza mshuko huo wa ukolezi, hivyo figo hazipati amri kali ya kumwaga. Glukosi nayo ina kazi yake: katika ukuta wa utumbo mwembamba kuna protini inayobeba sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji huzifuata. Mwaka 1960 Robert Crane aliueleza ushirikiano huo, na juu ya msingi huo huo umesimama mchanganyiko wa ORS, yaani unga wa chumvi na glukosi unaochanganywa na maji kwa anayeharisha, ambao umeokoa watoto wengi mno kutoka katika kifo cha kuharisha. Fomula ya ORS inayopendekezwa tangu mwaka 2002 ina, kwa kila lita, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu, na ukolezi wake wote, yaani chembe zote zilizoyeyuka ndani yake, ni miliosmoli 245 kwa lita, chini kidogo ya ule wa damu.

Soma lebo na uandike unachotarajia

Tafuta sodiamu kwenye lebo ya kinywaji chako. Ikiwa imeandikwa kwa miligramu, igeuze iwe kwa lita moja, kisha gawanya kwa 23 upate milimoli, kipimo kinachohesabu chembe badala ya uzito. Kinywaji chenye miligramu 250 za sodiamu katika chupa ya mililita 500 kina miligramu 500 kwa lita, yaani takriban milimoli 22. ORS ina milimoli 75. Lebo ikitaja chumvi badala ya sodiamu, gawanya kwanza kwa 2.5, kwa sababu sodiamu ni karibu asilimia 40 tu ya uzito wa chumvi. Vinywaji vingi vya michezo huangukia karibu na milimoli 20, pamoja na sukari ya asilimia 6 hadi 8. Vingine vinavyojitangaza kwa madini huwa na sodiamu kidogo sana na potasiamu au magnesi ya kutajia jina tu.

Hesabu hiyo ndogo inakupa utabiri. Kadiri sodiamu inavyokaribia ile ya ORS, ndivyo tofauti na maji inavyotarajiwa kuonekana. Ikiwa chini ya milimoli 10, tarajia kuona kidogo au kutoona kitu. Andika utabiri wako pamoja na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kabla ya jaribio la kwanza. Kazi yake ni kukuzuia usije ukajidai baadaye kwamba ulijua tangu mwanzo.

Kwa kulinganisha, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Uingereza uliwapa wanaume 72 lita moja ya vinywaji mbalimbali kwa dakika 30 na kukusanya mkojo wao kwa saa 4. Baada ya maji matupu walitoa wastani wa gramu 1,337. Baada ya ORS gramu 1,038. Baada ya maziwa yenye mafuta gramu 1,052 na baada ya maziwa yaliyoondolewa mafuta gramu 1,049. Kinywaji cha michezo, chai, kahawa, kola na hata bia havikutofautiana na maji kwa kiasi cha kuaminika. Ni tarakimu za kukaa nazo kichwani, kwa sababu zinaonyesha ukubwa wa tofauti unayoitafuta: hata kinywaji kilichoshinda kilibakiza takriban gramu 300 zaidi tu katika lita nzima.

Nani asifanye jaribio hili

Asilifanye mwenye ugonjwa wa figo, moyo au ini, mwenye shinikizo la damu, mwenye kisukari, mjamzito, mtoto, wala anayetumia dawa za kuongeza mkojo, isipokuwa daktari wake ameridhia. Asilifanye pia mtu anayeharisha au kutapika. Huyo hana haja ya kujaribu chochote. Anywe ORS iliyochanganywa sawasawa kama ilivyoandikwa kwenye pakiti, na apelekwe kituo cha afya akidhoofika. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu nimewahi kuulizwa kama inafaa kulinganisha vinywaji viwili kwa mgonjwa aliyelala kitandani. Haifai hata kidogo.

Kunywa kupita kiasi nako kuna hatari yake. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu mwishoni walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kiwango cha kawaida, na kuongezeka uzito wakati wa mbio kulikuwa miongoni mwa dalili zilizoambatana na hali hiyo. Usizidishe viwango vilivyotajwa humu, na ukipata kichwa kuuma sana, kichefuchefu au kuchanganyikiwa, acha kunywa na utafute matibabu.

Vifaa

Unahitaji mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja na kubeba angalau kilo 2, chombo chepesi chenye mdomo mpana kwa ajili ya mkojo, chupa mbili zinazofanana zisizopitisha mwanga, saa yenye kengele, na daftari. Mizani ya kupimia uzito wa mwili inafaa pia, hasa ikisoma gramu 50 au 100, lakini katika jaribio la kwanza ni ya kuhakikishia tu. Jagi lenye mistari halitoshi. Mstari wake husomwa kwa jicho, na jicho moja likiinama kidogo linakosa mililita 20 bila mtu kujua, ilhali mizani husema gramu 412 na kunyamaza. Gramu moja ya mkojo ni karibu mililita moja, kwa kuwa mkojo kwa kawaida huwa mzito kuliko maji kwa asilimia isiyozidi 3, kwa hiyo hakuna haja ya kugeuza vipimo.

Pima chombo kikiwa kitupu na kikavu, andika uzito wake kwa kalamu isiyofutika ubavuni, na ukipime tena kila asubuhi ya jaribio.

Anza na maji dhidi ya maji

Hatua hii karibu kila mtu huiruka, nami naiona kuwa ya lazima kuliko zote. Kabla ya kufungua kinywaji chochote, fanya siku mbili za jaribio zima kwa maji matupu peke yake. Siku hizo mbili zinapaswa kutoa jibu moja, lakini hazitatoa. Mwili wa mtu yule yule, kwa kiasi kile kile cha maji, unaweza kutoa gramu 1,100 leo na gramu 1,250 keshokutwa, kwa sababu ya chumvi ya chakula cha jana, usingizi, joto la chumba au kutembea kidogo zaidi. Pengo hilo ndilo kelele ya jaribio lako. Ikiwa maji yanatofautiana na maji kwa gramu 150, basi kinywaji kilichotofautiana na maji kwa gramu 120 katika siku moja hakijakuambia lolote.

Siku ya jaribio, saa kwa saa

Maandalizi huanza jioni ya kuamkia. Kula chakula kile kile, kiasi kile kile, kabla ya kila siku ya jaribio. Usinywe pombe, usifanye mazoezi mazito tangu mchana, na ulale saa zile zile. Chumvi ya chakula cha jioni ina nguvu ya kupindua matokeo yote, maana figo zitakuwa bado zinaishughulikia asubuhi.

Saa 12 asubuhi, amka na ukojoe. Kisha kunywa mililita 500 za maji matupu kwa dakika 15 ili kila siku uanze ukiwa na maji ya kutosha mwilini. Bila hivyo, siku moja utaanza na kiu na nyingine bila kiu, na mwili wenye kiu hubakiza chochote unachoupa. Usile.

Saa 1 na nusu asubuhi, ukojoe tena mpaka kibofu kiishe kabisa. Mkojo huu umwage, hauhesabiwi. Jipime uzito ukiwa na nguo nyepesi zile zile.

Hapo anza kunywa. Pima gramu 1,000 za kinywaji, au za maji, na uzigawe sehemu nne za gramu 250. Kunywa sehemu moja saa 1 na nusu, ya pili dakika kumi baadaye, ya tatu dakika kumi tena, na ya nne saa 2 kamili, ili lita nzima iishe ndani ya dakika 30. Kasi hii lazima iwe sawa siku zote, kwa sababu maji yanayogidwa kwa pupa hutoka kwa wingi zaidi kuliko yanayonywewa taratibu, na tofauti ya kasi peke yake inaweza kujifanya tofauti ya kinywaji. Joto la kinywaji nalo liwe moja. Cha kawaida cha chumbani kinafaa, kwa kuwa kila siku unaweza kukipata vile vile.

Kuanzia saa 2 kamili ndipo saa nne za kusubiri zinapoanza. Kaa, soma, andika, fanya kazi ya mezani. Usitembee juani, usile, usinywe kitu kingine. Kojoa saa 3, saa 4, saa 5 na saa 6 mchana, kila mara ukijitahidi kumaliza kabisa, na ukibanwa katikati kojoa pia, lakini ndani ya chombo na kwa kuandika saa. Toa uzito wa chombo, andika gramu, kisha umwage. Baada ya saa 6 jipime uzito wa mwili tena na umalize siku kwa kula.

Siku za maji, kipimo cha saa 3 na cha saa 4 ndivyo vinavyopanda juu zaidi. Mkojo huwa mweupe kama maji yenyewe, na chombo hujaa kuliko ulivyodhani kibofu kinaweza kubeba. Mara kadhaa nimesoma zaidi ya gramu 400 katika kipimo kimoja. Siku za ORS mkojo wa saa 4 huwa na rangi hafifu ya njano na uzito mdogo, na mteremko kutoka saa moja hadi nyingine si mkali. Tofauti hiyo ya umbo ina maana sawa na tofauti ya jumla, ndiyo maana nakusihi uandike kila saa peke yake usije ukabaki na jumla tu.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilihusu dakika ile ya saa 1 na nusu. Nilikojoa kwa haraka, sikumaliza, nikaanza kunywa. Kipimo cha kwanza kilikuja na gramu 190 za mkojo wa njano iliyokolea, ilhali siku zilizotangulia kipimo hicho kilikuwa chepesi wa rangi. Ule ulikuwa mkojo wa kabla ya jaribio uliobaki kibofuni, nami nilikuwa nimeuhesabu kama kosa la kinywaji. Niliifuta siku ile yote na kuirudia. Rangi ya kipimo cha kwanza tangu hapo naiandika daima: ikiwa nzito kuliko kawaida, siku hiyo ina mashaka.

Kupanga siku na kuficha chupa

Fanya jozi sita: siku sita za maji na siku sita za kinywaji, kila jozi ndani ya wiki moja, na angalau siku moja ya mapumziko katikati. Katika kila jozi, rusha sarafu kuamua kipi kitangulie. Usiseme "leo najisikia vizuri, acha nianze na kinywaji". Hapo tayari umeshaanza kukipendelea bila kukusudia. Wanawake wanaopata hedhi ni vizuri jozi ziangukie sehemu ile ile ya mzunguko, kwa kuwa homoni hubadili kiasi cha maji ambacho mwili hushikilia.

Mwombe mtu mwingine akujazie chupa na kuziandika A na B, akitunza ufunguo kwake mpaka jozi zote sita ziishe. Ladha itakufichulia mengi, nalo haliepukiki kwa kinywaji chenye chumvi, lakini faida ipo hata hivyo: anayepima mkojo na kupiga hesabu anaweza kuwa yule asiyejua, naye hana sababu ya kuzungusha tarakimu.

Hesabu

Kipimo kikuu ni uwiano mmoja: jumla ya mkojo wa siku ya maji igawanywe kwa jumla ya mkojo wa siku ya kinywaji. Jibu likiwa 1, havina tofauti. Likizidi 1, kinywaji kimebakiza zaidi. Likiwa chini ya 1, maji yamebakiza zaidi.

Chukua mfano huu wa kubuni wa jozi sita. Siku za maji zilitoa gramu 1,210, 1,090, 1,265, 1,140, 1,180 na 1,225. Siku za kinywaji, kwa mpangilio huo huo, zilitoa 985, 1,010, 1,050, 1,175, 940 na 1,020. Wastani wa maji ni 1,185, wa kinywaji ni 1,030, na uwiano wa wastani ni 1.15. Tofauti ya wastani ni gramu 155. Inavutia, lakini tazama siku za maji zenyewe: kutoka 1,090 hadi 1,265 kuna gramu 175, na jozi ya nne kinywaji kimeshindwa. Kwa hiyo uliza swali la pili: kinywaji kimeshinda jozi ngapi? Tano kati ya sita. Sarafu ya kawaida ikirushwa mara sita huonyesha upande uliouchagua mara tano au zaidi katika majaribio 7 kati ya 64, karibu asilimia 11. Huo si uhakika, ni dalili nzuri. Kama kingeshinda zote sita, bahati tupu ingeweza kufanya hivyo mara 1 tu kati ya 64, na hapo mtu ana haki ya kusema kwamba kinywaji kinambakizia maji mwilini.

Kwa mfano huo ningeongeza jozi nne nyingine kabla ya kusema neno. Lakini idadi hiyo ya nyongeza iamuliwe mara moja na kuandikwa kabla ya kuendelea; anayeongeza jozi moja moja huku akichungulia matokeo, akaacha pale yanapompendeza, atapata jibu alilolitaka na si jibu la kweli.

Kuna marekebisho madogo mawili. Kinywaji chenye sukari nyingi kina maji pungufu katika kila lita: gramu 60 za sukari hufanya lita moja iwe na maji takriban mililita 960, kwa hiyo usitarajie kitoe mkojo sawa na lita kamili ya maji. Pili, tumia uzito wa mwili kuhakikisha mkojo. Uzito wa saa 6 mchana unapaswa kuwa uzito wa mwanzo, kuongeza gramu 1,000, kutoa mkojo wote, na kutoa tena kile kilichotoka kwa pumzi na ngozi, ambacho kwa mtu aliyetulia ni kama gramu 30 hadi 50 kwa saa. Ikiwa hesabu inakosana kwa zaidi ya gramu 300, kuna kipimo kilichomwagika au kusahauliwa.

Jaribio la pili: baada ya jasho

Jaribio la mapumziko linaonyesha tabia ya figo zilizotosheka. Mtu anayefanya kazi nzito au michezo anataka kujua zaidi ya hapo, na kwake jaribio la jasho ndilo lenye uzito.

Jipime ukiwa mtupu na mkavu, fanya mazoezi yale yale kwa muda ule ule bila kunywa, hadi upoteze kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wako, kisha jifute jasho vizuri na ujipime tena. Usivuke asilimia 2, na usifanye mazoezi haya kwenye jua kali. Kila kilo iliyopotea ihesabu kuwa lita moja. Mwenye kilo 68.4 akishuka hadi 67.2 amepoteza lita 1.2. Anywe mara moja na nusu ya alichopoteza, yaani gramu 1,800, katika sehemu nne za gramu 450 kila baada ya dakika 15. Nyongeza hiyo ya nusu ipo kwa sababu sehemu ya kinachonywewa hutoka tena kwa mkojo hata kama mwili bado una upungufu. Kisha akusanye mkojo kwa saa 4 kama awali.

Hapa kipimo ni salio. Tuseme, tena kwa mfano, siku ya maji alitoa gramu 1,150: salio ni 1,800 kutoa 1,200 kutoa 1,150, yaani pungufu la gramu 550. Siku ya kinywaji alitoa gramu 760: pungufu la gramu 160. Siku zote mbili alikunywa zaidi ya alichopoteza na bado hakurudi alipoanzia; kilichotofautiana ni umbali uliobaki. Tofauti kati ya vinywaji huonekana wazi zaidi katika jaribio hili, kwa sababu jasho limetoa sodiamu pamoja na maji, na maji matupu hurudisha kimoja tu kati ya hivyo viwili. Jozi tatu au nne, zilizoachana kwa siku kadhaa, zinatosha kuonyesha mwelekeo.

Vipimo vya kutazamwa kwa tahadhari

Kiu huisha mapema kuliko upungufu, na hutulizwa na baridi na ladha ya kinywaji kabla maji hayajafika popote. Rangi ya mkojo inafaa kujua hali ya asubuhi, lakini baada ya kunywa lita nzima huonyesha tu kwamba figo zinamwaga. Mtu anaweza kutoa mkojo mweupe huku bado hajarudisha alichopoteza. Vitamini B2 iliyomo katika baadhi ya vinywaji huupaka mkojo njano kali, na hapo rangi haina maana kabisa. Vijiti vya dawa vinavyopima densiti ya mkojo, yaani uzito wake ukilinganishwa na wa maji ambao ni 1.000, vinasaidia kuthibitisha kwamba umeanza siku vizuri: chini ya 1.020 kabla ya kunywa, endelea. Juu ya hapo, ahirisha.

Jaribio la tatu, ambalo wauzaji hawalitaji

Ukishapata jibu kwamba kinywaji kimeyashinda maji, fanya jaribio moja zaidi. Rudia siku za maji, lakini saa 1 na nusu asubuhi kula mlo wa kawaida wenye chumvi ya kawaida, uliopimwa na usiobadilika, pamoja na lita ile ile ya maji matupu, na ukusanye mkojo kwa saa 4. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba waliokula mlo pamoja na maji baada ya kutoka jasho walitoa mkojo mdogo kuliko waliokunywa kinywaji cha michezo kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu mlo huleta sodiamu na potasiamu nyingi kuliko chupa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba maji unayoyalinganisha yawe maji kama unavyoyanywa kweli. Maji yanayonywewa tumboni patupu, lita nzima kwa nusu saa, ni mpinzani dhaifu aliyechaguliwa na jaribio. Andika matokeo matatu katika mstari mmoja wa daftari: maji peke yake, kinywaji peke yake, maji pamoja na mlo. Kama mstari huo unaonyesha kwamba namba ya tatu ni ndogo kuliko ya pili, kinywaji chako kina nafasi yake pale tu ambapo huwezi kula: katikati ya safari ndefu ya miguu, kati ya mechi mbili, au baada ya kazi ya joto ambayo imekuondolea hamu ya chakula. Na kama namba ya pili ndiyo ndogo, na imekuwa ndogo katika jozi nyingi kuliko bahati inavyoweza kueleza, unayo sababu iliyopimwa ya kukinunua.